Hongera, Blender
Mwaka 2002, watumiaji walichanga yuro 100,000 kuikomboa Blender, programu ya kutengenezea katuni ya Mholanzi Ton Roosendaal. Tangu hapo mwanafunzi yeyote huipakua bure. Waliochanga wanastahili pongezi za dhati.

Mwaka 2008 ikatoka Amsterdam filamu fupi ya katuni, Big Buck Bunny, pamoja na mafaili ya Blender yaliyotumika kuitengeneza. Hapo ndipo penye utamu: mwanafunzi humfungua sungura wa filamu hiyo, akaiona mifupa iliyofichwa chini ya manyoya, akaizungusha kiungo kwa kiungo mpaka ajue bega linavyouvuta mkono. Shule nzuri iliyoje!

Halafu ikaja filamu ya Flow, ya Gints Zilbalodis wa Latvia. Paka wake na karani tamba, ndege wa nyika za Afrika, hawasemi neno. Mwendo wao ndio usemao. Filamu hiyo, iliyotengenezwa kwa Blender, ilitwaa Oscar mwaka 2025.