Haya ya Charles na Shaka ya Rosa

Katika riwaya ya Rosa Mistika, iliyotolewa na Euphrase Kezilahabi mwaka 1971, barua ya kijana mwenye haya yafika nyumbani kwa Zakaria, kisiwani Ukerewe, na kwa ajili yake Rosa apigwa na baba yake. Wahakiki wengi wamekitazama kipigo, wakakifanya chanzo cha yote yampatayo msichana baadaye: uhuru asioujua, masomo ya ualimu Morogoro, wanaume, kutoa mimba, na mwisho kujiua. Sina ugomvi nao. Lakini naona barua yenyewe imesahauliwa, na ndani yake mna hadithi ambayo kitabu hakikuisimulia: mapenzi matamu ya wanafunzi wawili, mmoja asiyethubutu kusema, na mwingine asiyeamini kuwa apendeka.

Lugha yetu humtia kijana wa namna hii katika shida ya pekee. Nakupenda ni neno moja, na humo wamo wote wawili, apendaye na apendwaye; hapana mahali pa kujificha. Barua ilikuwa pazia lake. Mimi nakaa Wazo, karibu na kiwanda cha saruji, na asubuhi hupanda daladala pamoja na wanachuo waendao Mwenge. Juzi kijana mmoja mbele yangu aliandika mstari katika simu, akaufuta, akaandika tena, akafuta, hata tukafika hajaupeleka. (Nakiri kwamba nilichungulia, haya yangu ni ndogo kuliko yake.) Pazia limebadilika, haya ni ile ile.

Wala haya si kasoro katika Kiswahili. Aibu humfikia mtu baada ya tendo. Haya humzuia kabla yake, na kumwambia mtu kwamba hana haya ni tusi kubwa. Kwa hiyo msomaji wetu humwamini Charles tangu mwanzo, kwa kuwa ana haya. Hapo ndipo nadhani twadanganyika.

Tutazame upande wa Rosa. Katika shina moja la penda twapata napendeza na napendwa, na tofauti yake ndiyo maisha yake. Kupendeza ni kazi ya macho ya watu, na Rosa ajifunza upesi kwamba apendeza. Wanaume wamhakikishia hayo mmoja baada ya mwingine. Kupendwa hakuthibitishwi hivyo. Kila ahakikishiwapo la kwanza, la pili lamzidi shaka. Wamwitao malaya tu hawajalisoma swali hili.

Kisha Charles arudi kuposa. Hapa haya yake yapimwa, nayo yapungua. Aliyeshindwa kusema kwa kinywa ashindwa pia kuuliza kwa kinywa: badala ya kumwuliza Rosa yaliyompata tangu ile barua, ataka mwili wake umjibu kama yu bikira au siye. Apatapo jibu, amwacha. Basi ile haya tuliyoisifu ilikuwa woga, na msichana aliyekuwa akingoja kuulizwa swali moja la upole apewa mtihani.

Yawezekana mwandishi alikusudia hivyo hasa, na kama ndivyo, amefaulu. Hata hivyo namlaumu kidogo. Rosa twamfuata hatua kwa hatua. Charles ametolewa jukwaani mapema mno, na woga wake hatukuuona ukikua. Waliokizuia kitabu hiki mashuleni kwa muda waliogopa maovu ya Rosa. Mwenendo wa Charles, nadhani, haukumwogofya mtu.

Miaka mitatu baadaye, katika Kichwamaji, Kezilahabi alimwachia mwanachuo Kazimoto asimulie mwenyewe, nasi twamjua pamoja na ubaya wake hata amwoapo Sabina. Charles hakupewa nafasi hiyo, na wanaofundisha Rosa Mistika wangefanya vema kuanzia kwake.