Kifundo cha Mguu Mbele ya Majaji wa Rufaa

Wayo wa askari mstaafu ukipimwa asubuhi ukainuka nyuzi 12, kanuni za fidia za Marekani zinampa asilimia 10 ya ulemavu. Wayo huohuo ukipimwa jioni, baada ya kusimama kutwa nzima, ukainuka nyuzi 4 tu, anastahili asilimia 20. Mtu ni yuleyule na jeraha ni lilelile. Kinachobadilika ni saa ya kipimo, namna ya kupima na maneno aliyoyaandika daktari. Mzozo wa rufaa unaanzia hapo, na anayeelewa jinsi unavyoamuliwa ataelewa pia namna ya kudai haki ya mwili ulioumia kazini, hata hapa Sakania, Kongo.

Jambo hili si la ng'ambo tu. Mwaka 2009 jeshi la Marekani lilianza kuandikisha wageni wenye ujuzi maalumu chini ya mpango ulioitwa MAVNI, na Kiswahili kilikuwamo katika orodha ya lugha zilizotakiwa. Mpango huo ulifungwa mwaka 2016. Wapo Wakenya, Watanzania na Wakongomani waliovaa sare ile, na baadhi yao wametoka na miguu isiyowabeba vizuri. Mara nyingi ndugu waliobaki huku ndio wanaopigiwa simu barua ya kukataliwa inapofika.

Kabla ya kufika kwenye asilimia, mdai hupita kwenye kizuizi cha kwanza, yaani uhusiano wa jeraha na utumishi. Lazima aonyeshe mambo matatu: ana tatizo sasa, kuna tukio lililompata akiwa jeshini, na maoni ya tabibu yanaunganisha hayo mawili. Kwa kifundo cha mguu, jambo la pili ndilo linalowaangusha wengi. Askari huteguka akiruka ukuta mazoezini, hufungwa bendeji, kesho yake anarudi mstarini. Karatasi haipo. Lakini mahakama zimekwisha kusema kwamba kukosekana kwa karatasi peke yake hakutoshi kuufanya ushahidi wa mtu kuwa uongo. Maumivu, uvimbe na kuchechemea ni mambo ambayo mwenye mguu, mke wake na askari mwenzake wanaweza kuyashuhudia bila kuwa madaktari. Mwaka 2018, katika kesi ya Saunders, mahakama ya rufaa iliongeza kwamba maumivu yanayopunguza uwezo wa kufanya kazi yanaweza kuhesabiwa kuwa ulemavu hata kama tabibu hakuyapa jina la ugonjwa.

Kizuizi cha pili ni kipimo. Kifundo kizima huinua wayo hadi nyuzi 20 na kuushusha hadi nyuzi 45. Kwa miaka mingi kanuni namba 5271 ilitaja tu upungufu wa wastani, asilimia 10, na upungufu mkubwa, asilimia 20, bila kusema wastani unaishia wapi. Tangu tarehe 7 Februari 2021 imewekewa namba. Wastani ni wayo kuinuka chini ya nyuzi 15 au kushuka chini ya 30. Upungufu mkubwa ni kuinuka chini ya nyuzi 5 au kushuka chini ya 10. Kifundo kilichoganda kabisa kina kanuni yake, namba 5270, yenye asilimia 20, 30 au 40 kulingana na pembe kilipogandia.

Namba zimeleta mwanga, ila zimeleta hatari pia, kwa sababu mtu hupimwa dakika chache akiwa amekaa juu ya kitanda cha zahanati, naye anaishi akitembea. Majaji waliliona hilo mapema. Mwaka 1995, katika kesi ya DeLuca iliyohusu bega, walisema kipimo lazima kizingatie uwezo unaopotea kwa maumivu, uchovu na siku ambazo hali huzidi. Mwaka 2016, katika kesi ya Correia iliyohusu magoti, walidai kiungo kipimwe mgonjwa akikisogeza mwenyewe na kikisogezwa na daktari, kikiwa kimebeba uzito na kikiwa hakijabeba, tena kilinganishwe na cha upande wa pili kama ni kizima. Mwaka 2017, katika kesi ya Sharp, walimkataza daktari kusema kwa mkato kwamba hawezi kukisia hali ya siku mbaya kwa vile hakuiona. Anapaswa kumuuliza mgonjwa, kusoma faili lote, kisha kujaribu kukadiria kwa nyuzi.

Kwa hiyo jaji wa Bodi ya Rufaa, inayosikiliza madai ya askari wastaafu yaliyokataliwa, hapimi mguu. Anapima ripoti. Anauliza: je, vipimo vyote vilifanywa? Je, siku mbaya zilikadiriwa? Je, daktari alitoa sababu au alitoa hitimisho tupu? Ripoti ikiwa pungufu, faili hurudishwa ili mtu apimwe upya. Ushahidi wa pande mbili ukilingana uzito, sheria inaamuru shaka imfae askari. Na Bodi yenyewe inalazimika kuandika sababu za uamuzi wake. Isipofanya hivyo, mdai ana siku 120 za kwenda katika mahakama iliyoundwa mwaka 1988 kwa ajili ya madai haya.

Tangu Februari 2019 aliyekataliwa ana njia tatu, na ana mwaka mmoja wa kuchagua ili asipoteze tarehe ya kuanza kulipwa. Mwenye ushahidi mpya hurudi na dai la nyongeza. Anayeamini kosa limo ndani ya faili lilelile huomba ofisa wa ngazi ya juu alisome upya, bila kuongeza kitu. Anayetaka jaji huenda kwenye Bodi. Kosa linaloumiza ni kuchagua njia ya pili wakati ripoti bora ya daktari iko mfukoni.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mwili nao ni mali. Reli ilifika Sakania mwaka 1909, na tangu hapo mji huu umeishi kwa migongo na miguu ya wanaopakia, wanaoshusha na wanaoshuka kwenye mabehewa na malori yanayosubiri duane. Kongo ina sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016, inayoiweka ajali ya kazini katika ulinzi wa hifadhi ya jamii chini ya mfuko wa taifa, CNSS, na sheria ya Oktoba 2002 iliyounda mahakama za kazi. Kanuni za Marekani hazitumiki hapa, lakini nidhamu ya ushahidi inavuka mpaka. Siku ya ajali, tukio liandikwe na mashahidi watajwe. Kwa daktari, omba nyuzi ziandikwe, mguu mmoja na wa pili, ukiwa umekaa na ukiwa umesimama. Eleza siku mbaya zaidi, na mwambie aiandike. Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi kabla ya kubishana juu ya pesa.

Mfanyakazi anayeambiwa hapana bila sababu hajaamuliwa, amefukuzwa mlangoni. Mashirika, vyama vya wafanyakazi na madaktari wa Haut-Katanga wanaweza kuanza leo kwa fomu moja ya kipimo iliyojazwa kikamilifu, na kila mgonjwa apewe nakala yake.