Kinyago cha Viatu: Tahakiki ya Kazi ya Brian Jungen

Kati ya mwaka 1998 na 2005 msanii Brian Jungen wa Kanada, aliyezaliwa na mama wa kabila la Dane-zaa na baba mwenye asili ya Uswisi, alifumua viatu vya michezo vya Nike Air Jordan, akavishona upya pamoja na nywele za binadamu, vikawa vinyago 23. Hesabu hiyo ndiyo namba ya jezi ya mchezaji Michael Jordan. Atazamaye kwa mbali huona sura za vinyago vya pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika, kwa rangi zake nyekundu, nyeusi na nyeupe. Akisogea karibu huona mishono na alama ya kampuni.

Ili tuielewe kazi hii, yatupasa kukumbuka historia. Watu wa pwani ile walivaa vinyago katika sherehe iitwayo potlatch, ambamo mwenye sherehe hugawa mali kwa wageni, na majina na vyeo hurithishwa. Serikali ya Kanada iliipiga marufuku tangu 1885 hadi 1951, na baadhi ya wamisionari walikuwa miongoni mwa walioidai sheria hiyo. Mwaka 1921 washiriki wa potlatch ya Dan Cranmer walikamatwa. Wengine walifungwa, na vinyago vyao vikachukuliwa kwenda majumba ya makumbusho. Vilianza kurudishwa mwaka 1979.

Hapa ndipo Jungen anapouma. Kinyago kilichoitwa sanamu ya kipagani kilipokuwa kikichezwa, kiliitwa sanaa kilipofungiwa katika kabati la kioo. Naye anaweka viatu katika kabati lilelile, kana kwamba anauliza: ni nani hasa anayeabudu vitu? Martin Luther, akiieleza amri ya kwanza katika Katekisimo Kubwa, alifundisha kwamba kile moyo unachokitegemea ndicho mungu wa mtu. Kwa kipimo hicho, sherehe ya kugawa mali ilishtakiwa na watu ambao mali iliwashika zaidi.

Hata hivyo, kazi hii ina mpaka wake. Wadane-zaa si watu wa pwani. Jungen ameazima sura hizo kwa makusudi, ili aonyeshe jinsi wageni wanavyowaona wenyeji wote kuwa kitu kimoja. Lakini vinyago vyake havichezwi, na soko analolidhihaki limevipokea kwa furaha. Tumlinganishe na Beau Dick (1955–2017), mchongaji wa Kwakwaka'wakw. Mwaka 2012 alivitoa vinyago 40 katika ukumbi wa maonyesho, akavirudisha Alert Bay. Vilichezwa mara ya mwisho, kisha vikachomwa moto kwa desturi ya wazee. Jungen anauliza swali. Dick anatoa jibu kwa kitendo.

Sisi tunaofundishwa kuhubiri tusiitazame habari hii kama ya mbali. Hata kwetu, katika sehemu nyingi za misheni, ngoma za jadi zilikatazwa kabla maana yake haijaulizwa. Si kila ngoma ilistahili kubaki. Lakini hukumu iliyotangulia swali haikuwa haki, na mhubiri wa leo hana budi kuuliza kwanza.