Heko kwa Mkutubi wa Shule

Miongoni mwa wahudumu wa elimu ambao sifa zao hazitajwi kwa kadiri ya ihsani yao, namtanguliza mkutubi wa shule, khasa yule ambaye, ajapo kwake kijana aliyechoshwa na vitabu vya mtihani, humwuliza mawili matatu juu ya ayapendayo, kisha humpa riwaya moja tu, wala si rundo. Mpenda mafumbo humchagulia Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyopigwa chapa mwaka 1960, ambamo Bwana Msa, kiko mdomoni na sahibu yake Najum ubavuni, hufuata dalili za mauaji kwa akili wala si kwa uganga, ijapokuwa maiti yaonekana mzimuni penyewe. Na hapo kijana, pasi na kuhimizwa, hujifunza kupambanua dhana na yakini. Mpenda ajabu humtolea Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, yenye majini na ndugu waliogeuzwa manyani kwa husuda yao.

Wako wadaio kuwa hadithi za namna hii ni upuuzi. Siafikiani nao hata kidogo, kwani Kiswahili chake ni fasaha kuliko cha vitabu vingi vya sarufi. Mkutubi alijua hilo, na kitabu kirudishwapo humwuliza msomaji alimshuku nani, na kwa nini, na jawabu lo lote apewalo humwongoza kuteua kinachofuata, pengine Kisima cha Giningi, riwaya nyingine ya Abdulla.