Filamu ya "Rangi Sahihi": Uhakiki wa Baadhi ya Istilahi za Chumba cha Giza

Istilahi za upigaji picha zimeingia katika Kiswahili kwa njia mbili. Mafundi wa studio waliyaita mambo kwa jinsi walivyoyaona mikononi mwao. Wafasiri, aghalabu, hulitazama neno la kigeni kabla ya kukitazama kitu chenyewe. Filamu iitwayo othokromatiki, ambayo hadi leo hutengenezwa kwa ajili ya kamera kubwa, ni mfano mzuri wa madhara yanayoweza kutokana na njia hiyo ya pili.

Mfasiri akilipasua jina hilo kwa kufuata mizizi yake ya Kigiriki, atapata "rangi" na "sahihi", naye ataandika filamu ya rangi sahihi. Atakuwa amempotosha msomaji mara mbili. Kwanza, filamu hiyo haitoi picha ya rangi, bali nyeusi na nyeupe. Pili, hata katika weusi na weupe huo haizitendei haki rangi zote: huathiriwa na mwanga wa zambarau, buluu na kijani, lakini nyekundu haiioni. Kanga nyekundu hutoka karibu nyeusi, na anga la buluu huwa jeupe mno.

Zamani jina hilo lilikuwa na haki yake. Mabamba ya kioo yaliyotangulia yaliona zambarau na buluu tu. Mwaka 1873 Hermann Wilhelm Vogel, mwanakemia wa Berlin, aligundua kwamba rangi fulani zikitiwa katika utando wa chumvi za fedha huufanya uathiriwe na mwanga wa kijani pia. Kulinganishwa na mabamba yale, usahihi ulikuwa umeongezeka kweli. Lakini mwaka 1906 mabamba ya pankromatiki, yaani yaonayo rangi zote, yalianza kuuzwa Uingereza, na sifa ile ikabaki jina tupu. Sioni kwa nini Kiswahili kirithi sifa iliyokwisha. Tuseme othokromatiki, na mara ya kwanza katika kila mwongozo tueleze: filamu isiyoona nyekundu.

Maelezo hayo mafupi yana faida kubwa kazini. Kwa kuwa haiioni nyekundu, filamu hii yaweza kushikwa na kusafishwa chini ya taa nyekundu iliyokoza, na fundi akaiona taswira ikijitokeza. Ya pankromatiki hutaka giza totoro. Sasa tazama istilahi "taa salama", iliyotafsiriwa neno kwa neno. Salama kwa filamu ipi? Mwanafunzi akiamriwa "washa taa salama" ilhali ameshika pankromatiki, filamu itaungua; na katika kamera kubwa kila kipande, chenye inchi 4 kwa 5 au zaidi, ni picha moja iliyopigwa peke yake, pengine ya jengo lililokwisha kubomolewa. "Taa nyekundu", wanavyosema mafundi, ni bora mara mia, kwa sababu hutaja kitu kinachoonekana.

Kinyume chake pia ni hatari. Miongozo mingi hushauri kufunika lenzi kwa kioo chekundu ili mawingu yatokeze. Kwa othokromatiki, kioo hicho huzuia karibu mwanga wote ambao filamu ingeuona, na kipande hutoka kitupu. Kinachofaa ni kioo cha njano. Mfasiri asiyejua maana ya jina hawezi kuligundua kosa hilo.

Kuhusu "filamu ya karatasi" nitasema machache: ni neno baya, kwa kuwa filamu hiyo ni plastiki, na karatasi ya picha imo katika chumba hichohicho. "Filamu ya vipande" yatosha, tofauti na ile ya mkanda.

Tatizo gumu zaidi ni kitenzi. "Kuendeleza filamu" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. "Kukuza" kuna kazi nyingine, yaani kuifanya picha iwe kubwa, na wapigaji wa kamera kubwa mara nyingi hawakuzi kabisa: huilaza filamu juu ya karatasi na kuchapa kwa ukubwa uleule. "Kusafisha", neno la mitaani, lina mizizi katika matumizi nami nalitetea kwa kazi nzima. Hata hivyo, ndani ya mwongozo hutatiza. Amri "safisha filamu" ni kuitia katika dawa ya kwanza, au ni kuisuuza kwa maji mwishoni? Kwa hatua ile moja napendekeza kudhihirisha, na dawa ya kudhihirishia. Msomaji ataelewa mara moja kwamba taswira ilikwisha kuwamo, imefichika.

Mwisho, tarakimu zisiachwe njiani. Ilford Ortho Plus huandikiwa ISO 80 kwa mwanga wa mchana na 40 kwa taa ya tangisteni. Nimewahi kuona mwongozo uliobakiza tarakimu ya kwanza tu, bila shaka kwa kudhani ya pili ni marudio. Taa ya tangisteni ina wekundu mwingi, ambao filamu hii hauioni, ndiyo sababu huhitaji mwanga maradufu. Vivyo hivyo kwa dawa: muda ulioandikwa ni wa nyuzi 20 za Selsiasi, na maji ya bomba ya Dar es Salaam huwa na joto zaidi ya hapo, kwa hiyo fundi ayapoze kwa barafu au apunguze dakika.