Kibali cha Kilimanjaro: malipo yametangulia, nafasi bado

Mwaka 1987 UNESCO iliingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia Kasri la Kifalme la Beijing, Ukuta Mkuu wa China, mapango ya Mogao kule Dunhuang, kaburi la mfalme wa kwanza wa Qin lenye jeshi la askari wa udongo, na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Mlima wetu uliingia darasa moja na majengo hayo, na tangu hapo umekabiliwa na swali lile lile: watu wakiwa wengi kuliko mahali panavyobeba, nani aingie leo na nani asubiri kesho? Wachina wamejibu kwa tiketi inayonunuliwa kabla. Sisi pia tuna kibali kinacholipiwa kabla, na kwa mtazamo wa haraka mifumo hii miwili inafanana. Hoja yangu ni kwamba haifanani. Tiketi ya Beijing ni nafasi iliyohifadhiwa, na fedha zinafuata nafasi hiyo. Kibali cha Kilimanjaro, isipokuwa kwa sehemu katika njia ya Marangu, ni risiti ya fedha, na nafasi mtu huikuta akishafika kambini.

Tuanze na wenzetu. Tarehe 2 Oktoba 2012, wiki ya sikukuu ya taifa, watu wapatao 182,000 waliingia katika Kasri la Beijing kwa siku moja. Baada ya hapo uongozi uliweka kikomo cha wageni 80,000 kwa siku, na kufikia Oktoba 2017 tiketi zote zikawa zinauzwa kwa mtandao, kila moja ikiwa na jina la mtu, namba ya kitambulisho au pasipoti, tarehe, na kipindi cha kuingia. Mlangoni pasipoti yenyewe ndiyo tiketi. Kule Dunhuang walikwenda hatua moja mbele. Kabla ya kuweka kikomo walipima: pumzi za wageni huongeza unyevu na hewa ya kaboni ndani ya mapango, na vitu hivyo huharibu michoro ya ukutani. Vipimo vikawaonyesha kwamba mapango yangestahimili wageni 3,000 kwa siku. Mwaka 2014 kikafunguliwa kituo cha wageni ambako watu hutazama filamu kwanza kisha hupelekwa kwa basi kwenye mapango machache kwa zamu, na kikomo kikapanda hadi 6,000 bila kuongeza madhara. Mpangilio huo ndio wa kushika: kipimo kilikuja kwanza, kikomo kikafuata, tiketi ya nafasi ikawa ya mwisho. Huko msafiri wa kujitegemea, asiye na kampuni wala kundi, anaweza kukaa kwake na kuona siku ipi imejaa na ipi ina nafasi.

Sasa turudi Moshi, mji ulio chini ya mlima wetu. Kampuni iliyosajiliwa na yenye leseni huingiza katika mfumo wa TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, orodha ya wapandaji, uraia wao, njia, na tarehe za kupanda na kushuka. Mfumo hutoa namba ya malipo iitwayo kontroli namba, kampuni hulipa benki au kwa simu, na fedha huingia moja kwa moja serikalini. Getini hapapokelewi fedha taslimu. Tusidharau mafanikio haya, kwa sababu fedha zinazozungumziwa si kidogo. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, mgeni asiye wa Afrika Mashariki anayepanda Marangu kwa siku 5 hulipa dola 70 za hifadhi kila siku, dola 60 za malazi kwa usiku 4, na dola 20 za uokoaji. Jumla ni dola 610, na ikiongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inakaribia dola 720. Fedha hizo zilipokuwa zikihesabiwa mkononi, kila geti lilikuwa na mwanya. Kontroli namba imeziba mwanya huo, na yeyote anayejali hifadhi anapaswa kuitetea. Ila ilitengenezwa kuziba uvujaji wa mapato. Kupanga watu mlimani ni kazi nyingine.

Njia ya Marangu ndiyo peke yake yenye nyumba za kulala, kwa hiyo ndiko tunakoweza kupiga hesabu. Idadi ya vitanda inayotajwa kwa kawaida ni 60 Mandara, 120 Horombo, na 60 Kibo. Horombo kupewa vitanda mara mbili kuna sababu yake. Mpandaji wa siku 5 hulala Mandara usiku mmoja, Horombo usiku mmoja akipanda, Kibo usiku mmoja anaoukatisha kabla ya saa sita ili aelekee kileleni, kisha Horombo tena akishuka. Wakiingia watu 60 kila siku, Mandara itakuwa na 60, Kibo 60, na Horombo 120 kamili. Hesabu imekaa sawasawa. Lakini safari ya siku 5 ni ya haraka mno kwa mwili wa mtu aliyetoka usawa wa bahari, na waongozaji wazuri wa Marangu na Moshi humshauri mgeni aongeze siku ya kuzoea hewa, naye huilala Horombo. Hapo kila mpandaji anahitaji Horombo kwa usiku 3 badala ya 2. Gawanya 120 kwa 3, unapata 40. Yaani wote wakipanda kwa siku 6, njia hiyo hiyo yenye vitanda vile vile inabeba watu 40 kwa siku, pungufu kwa theluthi moja. Hata nusu yao tu wakiongeza siku, Horombo itahitaji vitanda 150. Geti linaweza kuhesabu watu 60 asubuhi na kuridhika, kumbe msongamano umeshapangwa usiku wa pili, mita 3,720 juu. Hii ndiyo sababu kikomo cha getini, hata kikiwekwa, hakitoshi. Kinachobanwa ni usiku wa kambi fulani, na kibali ndicho kinachopaswa kuufahamu usiku huo.

Kwenye njia za mahema jambo ni zito zaidi. Machame na Lemosho hukutana upande wa Shira, Umbwe inajiunga nazo Barranco, na wote kwa pamoja hupita Karanga kwenda Barafu, kambi ya mwisho kabla ya Kilele cha Uhuru. Mageti matatu tofauti yanajaza kambi moja, na kwa njia hizo hakuna kikomo cha kila siku kinachotangazwa kwa umma. Isitoshe, kibali kimoja hakimaanishi mtu mmoja. Nyuma ya kila mgeni kuna mwongozaji, mpishi na wapagazi, kwa wastani watu 3 au 4 na wakati mwingine zaidi. Beijing tiketi 100 ni watu 100. Barafu wageni 100 ni watu 400 au 500, kwenye mteremko wa mawe uliopita mita 4,600, usio na maji. Maji ya Barafu huchotwa bonde la Karanga na kupandishwa na wapagazi kwa saa kadhaa. Kila mgeni anayezidi uwezo wa kambi ni ndoo nyingine kichwani kwa mtu ambaye tayari amebeba mzigo wake, na ni hema jingine la wafanyakazi linalosukumwa pembezoni, mahali pabaya zaidi pa kulala. Tunapouita msongamano kero ya watalii tunamsahau anayeubeba kwa mwili wake.

Lakini takwimu za wanaolala kambini zipo. Asubuhi getini Machame, mizigo ya wapagazi huning'inizwa kwenye mizani mmoja mmoja, na askari wa hifadhi huhakikisha hauzidi kilo 20. Pembeni, dirishani, lipo daftari kubwa: jina, umri, uraia, kazi, kampuni, jina la mwongozaji, sahihi. Mpandaji atakuta daftari kama hilo kila kambi atakayolala, na atatia sahihi tena. Maana yake hifadhi inaweza kujua walikuwa wangapi Barranco usiku wa jana, na usiku kama huo mwaka jana. Tofauti na Dunhuang ni moja tu, daftari letu linaandikwa baada ya mtu kufika. Mizani ile inafundisha jambo. Mzigo hupimwa chini kabla haujapanda, na ukizidi hupunguzwa pale pale. Watu tunawapima wakiwa juu, wakati haiwezekani tena kupunguza. Na tangu Agosti 2022, serikali kupitia shirika la simu la TTCL ilipofikisha intaneti ya kasi hadi Horombo, kisingizio kwamba kambi haiwezi kuwasiliana na geti kimekosa nguvu.

Kinachotakiwa basi si mfumo mpya wa mabilioni. Kibali kiorodheshe kambi na usiku: Shira tarehe fulani, Barranco tarehe fulani, Barafu tarehe fulani, kwa idadi ya wageni pamoja na wafanyakazi wao. Kila kambi ipimwe, kwa eneo la mahema, vyoo na maji, ipewe kikomo chake. Mfumo usitoe kontroli namba mpaka nafasi ya kila usiku iwe imepatikana. Na kalenda ya nafasi iwe wazi kwa kila mtu, si kwa kampuni peke yake.

Wapo watakaosema mlima si kasri. Mtu huumwa kichwa, mvua hunyesha, mwongozaji huamua kundi lipumzike siku moja zaidi, na kumlazimisha mgonjwa asogee kwa sababu nafasi yake imekwisha ni kuhatarisha maisha. Pingamizi hili ni zito na ni la kweli. Jibu lake ni kutouza nafasi zote. Kambi yenye nafasi 200 iuze 170, na zinazobaki ziwe mikononi mwa mkuu wa kambi kwa ajili ya dharura, bila faini wala maswali. Hali ya leo haimlindi mgonjwa vizuri zaidi. Anayehitaji kitanda cha ziada Horombo ikiwa imejaa hana nafasi aliyohifadhiwa.

Pingamizi la pili linatoka mjini, nami nalipa uzito mkubwa. Moshi inaishi kwa mlima. Nyumba za wageni, wauza vifaa vya kukodi, wapishi, vijana wa Uru na Mweka na Marangu wanaosubiri kuitwa kazi, wote watauliza: mkipunguza wageni tutakula nini? Lakini kikomo cha kila usiku hakipunguzi lazima jumla ya mwaka. Kinawahamisha watu kutoka siku zilizofurika kwenda siku tupu, na kutoka njia ya Machame kwenda njia ya Rongai. Siku za kufurika zinajulikana mapema: usiku wa mwezi mpevu, mkesha wa mwaka mpya, Julai na Agosti, na wiki ya 9 Desemba ambapo Watanzania hupanda kuadhimisha Uhuru, wakikumbuka mwenge uliowashwa kileleni mwaka 1961. Na Afrika Mashariki tayari ina mfano wa kikomo kisichoua riziki. Kule Bwindi, Uganda, kundi moja la gorila hutembelewa na watu 8 kwa siku, kwa saa moja, kwa kibali kilichokatwa kabla. Kikomo hicho ndicho kilichokipa kibali thamani. Peru, katika njia ya Inka kuelekea Machu Picchu, idadi ya watu 500 kwa siku inajumlisha wapagazi na waongozaji, jambo ambalo sisi hatujaanza hata kulijadili.

La tatu ni ulanguzi. Kampuni kubwa zitashika nafasi za Agosti zote, kisha ziwauzie wadogo kwa bei ya juu. Zitajaribu, bila shaka. Dawa inajulikana: nafasi iandikwe jina na namba ya pasipoti tangu mwanzo, isihamishike, isiyolipiwa ndani ya muda irudi sokoni yenyewe. Uzoefu wa China unatuonya pia kwamba mfumo wa simu huwaacha nyuma wazee na wageni ambao namba zao hazikubaliki. Kwa hiyo sehemu ya nafasi ibaki dirishani Marangu, kwa mwalimu aliyekuja na wanafunzi kwa basi, na kwa familia iliyorudi Krismasi kutoka Dar es Salaam na kuamua asubuhi kwamba watoto wakaone kreta ya Maundi.

Familia hiyo inanifikisha kwa msafiri wa kujitegemea. Tangu 1991 hairuhusiwi kupanda kileleni bila mwongozaji wa kampuni iliyosajiliwa, na sitetei kubadili hilo, kwani mlima huu unaua wanaoupuuza na sheria hiyo inalisha nyumba nyingi. Lakini kumhitaji mwongozaji hakumnyimi mtu haki ya kujua anachonunua. Leo anayepanga safari akiwa Mwanza au Nairobi hawezi kuona kama Barafu imejaa tarehe anayoitaka. Anamtegemea muuzaji amwambie, na muuzaji naye mara nyingi hajui.

KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, haihitaji kusubiri mfumo ili kuanza. Ichapishe idadi ya waliolala kila kambi, usiku kwa usiku, kutoka kwenye madaftari iliyonayo. Na wewe unayejiandaa kwa wiki ya 9 Desemba, kabla hujatuma malipo, iambie kampuni ikuandikie utalala kambi gani, usiku upi, na wafanyakazi wangapi wanafuatana nawe. Ukiongeza siku ya Horombo, uliza kama kitanda cha usiku huo kimethibitishwa.