Usanii na Usanii: Uhakiki wa Lugha ya Kuombea Mtaji

Utangulizi

Neno "usanii" lina nyumba mbili. Katika madarasa yetu ya fasihi, usanii ni ufundi wa kuteua na kupanga lugha ili wazo limfikie msomaji likiwa na uzito na mvuto. Huko mitaani, mtu akikuambia "yule jamaa anatupigia usanii", maana yake ni kwamba tunadanganywa, tena kwa maneno mazuri. Sisi wahakiki tumezoea kuiacha maana hii ya pili kwa watu wa mitaani, kana kwamba haituhusu. Makala haya yanadai kwamba inatuhusu, tena sana, kwa sababu upo utanzu mmoja wa siku hizi ambao hauhakikiki bila kuzishika maana zote mbili kwa pamoja. Utanzu wenyewe ni ule wa kuomba mtaji: hotuba ya dakika chache mbele ya majaji, ambayo vijana wa mjini wanaiita "kupichi", pamoja na ndugu yake wa karatasi, yaani andiko la mradi.

Huenda msomaji akauliza: hayo mambo ya biashara yanaingiaje katika fasihi? Jibu ni rahisi. Kijana anayemaliza chuo leo pengine hataandika riwaya hata moja maishani mwake, lakini andiko ataandika. Ataliandika kwa ajili ya mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu), au kwa ajili ya shindano la ubunifu, au kwa mfadhili fulani. Utanzu unaotungwa na watu wengi kiasi hiki, ambao hukumu yake hutolewa kwa fedha taslimu, hatuwezi kuwaachia wahasibu peke yao.

Rungwa na asali yake

Ili tusielee hewani, hebu tuchukue mahali pamoja na bidhaa moja. Rungwa ipo wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, katika barabara itokayo Itigi kwenda Makongolosi hadi Mbeya, mahali ambapo njia ya Tabora kupitia Ipole inaungana nayo. Jina lake wengi wanalijua kwa sababu ya Pori la Akiba Rungwa, pori ambalo ndilo lililomegwa mwaka 1964 ili kupata Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ni nchi ya miyombo, na ni sehemu ya Ukimbu ya zamani, ambako watu waliishi kwa kuwinda na kurina asali karne nyingi kabla hajazaliwa mtu wa kuwaambia kwamba asali ni "fursa".

Sasa tutunge wenyewe ufunguzi wa andiko la mfano, kwa mtindo unaotumika kila siku:

"Jamii ya Rungwa inakabiliwa na changamoto ya uzalishaji duni wa asali kutokana na mbinu za kizamani. Suluhisho letu bunifu ni jukwaa la kidijitali litakalowaunganisha wafugaji nyuki na masoko ya kimataifa, kuongeza thamani katika mnyororo mzima wa thamani, na kuwawezesha wanufaika kuufikia uchumi endelevu."

Nadhani hakuna msomaji atakayesema hajawahi kuyasikia maneno haya. Badilisha "Rungwa" weka "Newala", badilisha "asali" weka "korosho", na andiko litasimama vilevile. Hilo peke yake lingetosha kututia shaka. Maelezo yanayofaa mahali popote huwa hayajaangalia mahali popote.

Muundo

Kimuundo, hii ni ngano. Kuna kijiji kilicho taabuni. Kuna jitu linaloitwa changamoto. Kuna shujaa kijana aliyetoka safarini (yaani chuoni). Kuna kifaa cha ajabu, ambacho zamani kilikuwa pete au fimbo na sasa ni programu ya simu. Na kuna mwisho wa raha mustarehe, ambao siku hizi haumaliziki kwa harusi bali kwa mchoro wa mstari unaopanda kwenda juu.

Kutumia muundo wa ngano si kosa. Tofauti ipo katika mkataba baina ya fanani na hadhira. Mtambaji anaposema "Paukwa!" nasi tukaitikia "Pakawa!", wote tumekubaliana kwamba tunaingia katika ulimwengu wa kubuni, na hakuna atakayemdai sungura fedha zake kesho asubuhi. Anayepichi hasemi paukwa. Anaisimulia ngano kwa sauti ya taarifa ya habari, na kitenzi cha wakati ujao, "litakalowaunganisha", kinasikika masikioni mwa majaji kama kimeshatendeka.

Wahusika na kauli ya kutendwa

Tumtazame mrina asali ndani ya lile andiko. Hana jina, hana mikono, hana akili. Ni mhusika bapa kuliko wote. Lakini jambo linalostaajabisha zaidi lipo katika sarufi. Mrina asali "anakabiliwa", "anaunganishwa", "anawezeshwa", na kama fedha zikibaki "anajengewa uwezo". Kila kitenzi kinachomhusu kipo katika kauli ya kutendwa. Anayetenda ni jukwaa, na nyuma ya jukwaa, mwenye kupichi.

Mpe nafasi mrina asali huyohuyo aeleze kazi yake, uone vitenzi vinavyobadilika. Anachonga mzinga wa gogo. Anaupandisha mtini na kuutundika. Anasubiri miti ichanue. Anawasha moshi, anarina, anakamua, anachuja, anatafuta kibali kama mizinga yake imo ndani ya hifadhi. Ni mtendaji mwanzo hadi mwisho. Hivyo basi, andiko limempora mtu sarufi yake kabla halijampa hata shilingi. Hapa ndipo maana ya kwanza ya usanii inapogeuka kuwa ya pili: ufundi wa lugha unatumika kumfanya mjuzi aonekane tatizo, na mgeni aonekane jibu.

Lugha

Kuhusu msamiati, tuyapime maneno matatu tu. "Changamoto" ni neno la ukoo wa kuchangamka. Leo limeifukuza "shida" ofisini kabisa. Barabara ikikatika kwa mvua, ni changamoto. Shida hudai mtu wa kulaumiwa, changamoto haidai mtu yeyote. "Mnyororo wa thamani" nalo ni tafsiri iliyoletwa na semina; katika masikio ya Kiswahili mnyororo ni kitu cha kufungia mbwa au mfungwa, na ukimuuliza msemaji akutajie pete za huo mnyororo, nani anamuuzia nani na kwa bei gani, mara nyingi hapo ndipo anapotafuta maji ya kunywa. "Endelevu" ndilo neno la bei rahisi kuliko yote, kwa maana halina siku ya kukaguliwa.

Kisha kuna tamathali kubwa kuliko zote, nayo ni hesabu. Andiko litasema: mizinga 500, mara lita kadhaa, mara bei ya dumu, sawasawa na mamilioni. Kila aliyefuga nyuki anajua kwamba mzinga uliotundikwa si mzinga ulioingiwa na nyuki. Nyuki huchagua. Huhama kwa ukame, huhama kwa moto, na nyegere naye ana mahesabu yake. Andiko linaihesabu mizinga mitupu kama imejaa. Katika fasihi tungesema ni chuku. Lakini chuku ya mshairi haikopeshwi kwa riba.

Ngano hii ina babu

Vijana wanaopichi huambiwa kuwa wanafanya jambo jipya. Si jipya, na si lazima twende Marekani kumtafuta mwasisi wake. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki na ya Kati kwa muda wa majuma tisa hivi, ukarudi na andiko la kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3. Lilikuwa na kila kitu tulichokitaja: jitu (njaa ya mafuta ya kupikia Uingereza baada ya vita), nchi iliyoelezwa kama tupu, kifaa cha ajabu (matrekta), na hesabu inayopanda. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Mvua za Ugogo hazikulisoma andiko, na udongo wake wa mfinyanzi ulipokauka ukawa mgumu kama tofali. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikautupa mpango huo, baada ya kuzama pauni zipatazo milioni 36. Mgogo yeyote angeweza kueleza habari za mvua ile, kama angeulizwa kwa kauli ya kutenda.

Mwaka huohuo wa 1951 Shaaban Robert alichapisha Kusadikika. Sitaki kudai kuwa moja lilizaa jingine. Ninachotaka ni kulinganisha. Karama naye anasimama mbele ya baraza na kunadi mawazo mapya kwa kusimulia habari za wajumbe sita, huku Majivuno akimshitaki. Ukitaka, hiyo nayo ni pichi. Lakini Karama anasema huku shingo yake ikiwa rehani, na masimulizi yake hayafichi mateso ya wajumbe wala gharama waliyolipa. Anayepichi siku hizi mara nyingi huweka rehani mfuko wa mwingine.

Na pale hadhira inapokuwa na tamaa kuliko fanani, tunarudi kwa Abunuwasi na sufuria iliyozaa. Jirani aliyekubali kwamba sufuria imezaa alikosa la kusema alipoambiwa sufuria imekufa. DECI, iliyofungwa na serikali mwaka 2009, iliwaambia Watanzania wengi kwamba fedha ni mbegu: panda, kisha uvune. Sitiari ikapokelewa kama mkataba. Mtu angeuliza tu "shamba liko wapi?", angeokoa ada ya mtoto.

Ni haki kusema pia kwamba si kila linaloanguka ni utapeli. Copia ya Kenya, iliyokuwa ikiwapelekea bidhaa watu wa vijijini kupitia mawakala, ilipata mtaji mkubwa kutoka nje na bado ikawekwa chini ya msimamizi Mei 2024. Bidhaa zilikuwepo, magari yalikuwepo. Kilichokosekana ni faida. Lakini hata kosa la kweli huchelewa kuonekana pale lugha inapokataza neno "hasara".

Je, tukae kimya?

Wapo watakaonijibu kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa hiyo anayejinadi ni mwongo? Hapana, jamani. Asali ya Rungwa ni nzuri, na haijiuzi. Inahitaji dumu safi, chujio, gari, na mtu wa kuisemea mjini. Methali hii iliwafaa watu wa soko moja ambao wote walijuana. Haiwafai walioko mwisho wa barabara ndefu. Kukataa kunadi ni kuwaachia soko wenye kelele.

Kiswahili kinalo neno lake la zamani, nalo ni hilohilo kunadi. Katika mnada wa ng'ombe, mnadi ana maneno mengi, ana mbwembwe, hata anaimba. Lakini ng'ombe yupo. Mnunuzi anamfunua mdomo, anahesabu meno, anamzungusha. Maneno yanasaidiana na macho. Kupichi kumebaki na mnadi, kumemwondoa ng'ombe.

Tena lawama si ya fanani peke yake. Hadhira ndiyo inayozaa utanzu. Kijana wa Rungwa akiandika kwa lugha nyoofu, "tunahitaji madumu 40, chujio 2 na usafiri wa kufika Itigi, na mwaka wa ukame tutapata nusu", kuna majaji watakaompa alama ndogo kwa kuwa hana "maono". Mwenzake aliyesoma mjini, ambaye hajawahi kuumwa na nyuki, atapita. Hili ndilo jambo zito katika suala hili. Msamiati huu ni mlango, na ufunguo wake haugawiwi Rungwa.

Mfano wa kinyume upo. M-Pesa ilijaribiwa Kenya mwaka 2005 kama njia ya kurejeshea mikopo midogo. Watu wakaanza kuitumia kutumiana fedha kwa shughuli zao wenyewe. Waliohusika wakaona, wakasikiliza, na ilipozinduliwa Machi 2007 ujumbe wake ulikuwa ni kutuma pesa nyumbani. Hakuna mnyororo, hakuna ekosistimu. Hata bibi alielewa, na ndiyo maana aliweza pia kuhoji makato yake.

Hitimisho

Tumeona kwamba utanzu wa kuomba mtaji una fani iliyokamilika: muundo wa ngano, wahusika bapa, kauli ya kutendwa, tafsiri za semina na chuku ya hesabu. Maudhui yake yaliyofichika ni kwamba mwenyeji ni tatizo na mgeni ni jibu. Walimu wetu wangetusaidia kama wangeliingiza andiko la mradi katika semina za uhakiki, likasomwa kama tunavyosoma tamthilia, kwa maswali matatu tu: nani anatenda katika sentensi hizi? Ng'ombe yuko wapi? Na maneno haya yakigeuka uongo, nani atalipa?

Mwanafunzi atakayeweza kuyajibu hayo kuhusu andiko la mwenzake ataweza pia kuliandika la kwake bila kumpigia mtu usanii. Na siku akipelekwa Rungwa, ataanza kwa kumwuliza mrina asali ni mizinga mingapi iliingiwa na nyuki mwaka huu, kisha aiandike namba hiyo kama ilivyo, hata ikiwa ndogo.